Unene wa Shaba na Umbali wa Picha: Historia ya Nyaya Machakos

Waya wa kwanza kuthaminiwa Machakos haukubeba habari yoyote. Katika karne ya 19 misafara iliyopanda bara kutoka Mombasa ilibeba nguo, shanga na waya wa shaba. Wakamba, waliokuwa wakipeleka pembe za ndovu pwani miaka mingi kabla ya mmisionari Krapf kufika Ukambani mwaka 1849, waliupokea waya huo kama mali. Mafundi wao waliukunja ukawa vikuku vya mkono na mguu, wakauvuta ukawa mwembamba, wakatengeneza mikufu iliyowapa sifa mbali na kwao. Kwa kazi hiyo, waya mnene ulikuwa mali kubwa kuliko mwembamba, na hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Leo katika maduka ya umeme ya mji huohuo, mteja anayetaka kupeleka picha kutoka kwenye king'amuzi hadi projekta iliyo mita 20 mbele huuliza swali lilelile: kuna kebo nene kuliko hii? Sidai kwamba swali hilo limerithiwa kutoka kwenye vikuku. Lina chimbuko lake la karibu zaidi, nami nitalifikia. Ninachodai ni kwamba historia ya jinsi ujumbe, sauti na picha zilivyofika Machakos inapinga swali hilo tangu mwanzo hadi mwisho. Kila mara umbali ulipokuwa mkubwa, ushindi uliopatikana ulitokana na kubadili umbo la kinachosafirishwa. Kuongeza shaba kulisaidia hapa na pale, kisha kukafika ukomo.

Ushahidi wa kwanza ni wa zamani kuliko mji wenyewe, na unatoka nje. Mwaka 1858 kebo ya kwanza ya telegrafu kuvuka Bahari ya Atlantiki ilikufa baada ya wiki chache tu za kazi. Mhandisi wake wa umeme, Wildman Whitehouse, aliona ishara zikifika dhaifu akaamua kuzisukuma kwa nguvu, akatumia umeme wa takriban volti 2,000, na kinga ya waya ikashindwa. Mwenzake William Thomson alishika njia nyingine: tumia umeme mdogo, kisha weka upande wa pili chombo chenye uwezo wa kuhisi ishara hafifu mno. Mafunzo ya msiba huo ndiyo yaliyowezesha kebo zilizofuata, ikiwemo ile ya mwaka 1879 iliyotoka Aden ikapita Zanzibar na Msumbiji hadi Durban, na kuiunganisha pwani yetu na ulimwengu. Miaka kumi baadaye, 1889, Kampuni ya Imperial British East Africa ilifungua kituo Machakos, na John Ainsworth akawa msimamizi wake kuanzia 1892. Kwa muda mfupi Machakos ikawa makao makuu ya utawala wa bara. Kisha reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, pamoja na nyuzi za telegrafu zilizoandamana nayo, ikapita kwenye mbuga za Konza na Athi, ikauacha mji nyuma ya vilima, ikafika Nairobi Mei 1899. Ainsworth alihamishia ofisi zake huko mwaka huohuo. Wanahistoria wameandika mengi kuhusu mji ulioachwa na reli. Wameandika machache kuhusu kuachwa na waya, ingawa kwa habari zetu hapa hilo ndilo lililodumu zaidi: kuanzia hapo kila ujumbe wa kuja Machakos ungekuwa ujumbe unaokuja kutoka mbali, ukizunguka kilima.

Picha nazo zilianza vivyo hivyo. Mwaka 1962 kituo cha kwanza cha kurushia matangazo ya runinga nchini kiliwekwa kwenye nyumba ya shamba huko Limuru, na mawimbi yake yalikusudiwa kufika maili 15 hivi. Machakos iko takriban kilomita 80 kutoka Limuru ukipima kwa mstari ulionyooka, na kati yake na Nairobi vimesimama vilima vya Mua, huku Iveti ikiinama juu ya mji kwa upande mwingine. Mawimbi ya runinga husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Kilima kikiyakata, yamekatika. Hata nguvu za mitambo zilipoongezwa chini ya Sauti ya Kenya, shirika lililoundwa serikali ilipotwaa utangazaji mwaka 1964, mwenye runinga aliyekaa bondeni hakuwa na budi kuinua antena juu ya mlingoti mrefu, na ikiwa nyumba imejificha, kuipeleka mbali hadi mahali penye mwinuko. Hapo ndipo suala la urefu wa kebo lilipoingia nyumbani. Mlingoti mrefu uliongeza mawimbi, lakini kebo ndefu ya kuyateremsha ilipunguza yaleyale yaliyopatikana. Na hapo ndipo pia imani ya unene ilipopata haki yake. Picha ya wakati huo ilikuwa ya analogi, mistari 625, na hasara yoyote njiani ilionekana kwa macho kama chembechembe za theluji kwenye kioo. Kebo bora ilipunguza theluji. Bora zaidi ilipunguza zaidi. Mtu aliyenunua kebo nene katika miaka ya 1970 aliiona thamani ya pesa zake usiku uleule, wakati wa taarifa ya habari. Yeyote anayewacheka wazee kwa kusisitiza waya mnene hajui walichokuwa wakikitazama.

Lakini hata ndani ya zama hizo za analogi, kanuni iliyokuwa ikifanya kazi chinichini ilikuwa ya masafa kabla ya kuwa ya unene. Katika shaba, umeme wa masafa ya juu haupiti katika mwili wote wa waya. Hukimbilia kwenye ngozi yake ya nje, na kadiri masafa yanavyopanda ngozi hiyo huwa nyembamba. Matokeo yake ni kwamba hasara, ikipimwa kwa desibeli, huongezeka takriban kwa kipeuo cha pili cha masafa. Watu walilionja jambo hili pasipo kuambiwa hesabu yake kituo cha runinga cha KTN kilipoanza mwaka 1990 kikitumia masafa ya UHF, yaliyo juu kuliko yale ya runinga ya taifa. Kebo iliyoteremsha picha safi ya shirika la serikali ilileta picha hafifu ya kituo kipya, ingawa zote mbili zilishuka kwenye mlingoti mmoja. Dawa iliyofaa haikuwa kebo nyingine ya unene mara mbili. Ilikuwa kikuza mawimbi kidogo kinachofungwa juu kabisa, karibu na antena, kabla ya kebo kuanza kula chochote. Tofauti hiyo ya mahali pa kukiweka ndiyo kiini cha jambo: kikifungwa chini nyuma ya runinga, kinakuza picha pamoja na theluji yake.

Dishi likaja kuthibitisha jambo hilo kwa namna isiyoacha nafasi ya mabishano. Kenya ilikuwa imezoea habari za setilaiti tangu kituo cha Longonot kilipofunguliwa mwaka 1970 katika Bonde la Ufa, lakini hilo lilikuwa sinia kubwa la taifa. Dishi la ukutani lilienea kuanzia katikati ya miaka ya 1990. Mawimbi yanayoligonga yana masafa ya gigahezi 10.7 hadi 12.75, na masafa hayo yangeingizwa moja kwa moja kwenye kebo ya kawaida yasingefika sebuleni hata nyumba ikiwa ndogo. Ndiyo maana kila dishi lina kichwa mbele yake, kile ambacho mafundi hukiita LNB, na kazi yake kuu mbali na kukuza ni kuyashusha masafa hayo hadi kati ya megahezi 950 na 2,150. Baada ya kushushwa, kebo ya RG-6 inaweza kuyabeba mita 30 au 40 bila taabu. Hakuna aliyejaribu kutatua umbali huu kwa shaba nene. Kila nyumba yenye dishi, kuanzia Kathiani hadi Masii, ina juu ya paa lake kifaa kinachobadili umbo la ujumbe kabla ya kuuteremsha, na mwenye nyumba huyohuyo akiingia dukani kununua kebo ya projekta husahau somo lililo juu ya kichwa chake.

Tarehe inayogawa historia hii sehemu mbili ni 14 Februari 2015. Siku hiyo Mamlaka ya Mawasiliano ilizima mitambo ya analogi ya vituo vikubwa vya binafsi vilivyokuwa vikipinga ratiba ya kuhamia dijitali, na mitambo hiyo ilikuwa Limuru, kulekule picha ilikoanzia mwaka 1962. KTN, NTV, Citizen na QTV zikawa giza kwa karibu wiki tatu. Mjadala wa wakati huo ulihusu leseni, umiliki wa mitambo na bei ya ving'amuzi, mambo mazito yote. Jambo ambalo halikujadiliwa ni kwamba uhusiano kati ya waya na jicho ulikuwa umevunjwa. Picha ya dijitali ni tarakimu. Tarakimu zikifika, picha ni nzima, na haiwezi kuwa nzima zaidi. Zikianza kupotea, picha hukatika vipandevipande. Zikipotea kidogo tena, kioo ni cheusi. Hakuna theluji ya kupunguzwa. Kebo ya bei mara kumi haileti rangi nzuri zaidi kuliko ile ya bei ndogo iliyofikisha tarakimu zilezile. Anayekwambia kwamba inaleta anakuuzia kumbukumbu za mwaka 1975.

Kebo ambayo king'amuzi hicho kipya hutumia kuzungumza na runinga ni HDMI, iliyotolewa Desemba 2002 na kampuni saba, Sony, Philips na Toshiba zikiwemo. Ilibuniwa kwa ajili ya mashine mbili zilizo kwenye meza moja. Kanuni zake hazikutaja urefu wa mwisho. Zilitaja ubora wa ishara unaopaswa kufika, na ukimya huo umewapa wauzaji nafasi pana. Wakati huohuo mzigo umekuwa ukiongezeka: gigabiti 10.2 kwa sekunde mwaka 2006, 18 mwaka 2013, 48 mwaka 2017. Tulinganishe sasa na kebo ya kaseti za video, ile ya waya mmoja uliotoka kwenye deki kwenda kwenye runinga. Picha ya analogi ilihitaji takriban megahezi 5, na kebo ya kawaida iliibeba mita 30 hata 50 kwa hasara ndogo. Katika HDMI ya mwaka 2013, kila jozi ya nyaya inabeba gigabiti 6 kwa sekunde, ambayo ni kazi ya masafa ya karibu gigahezi 3. Hayo ni masafa mara 600 zaidi. Kipeuo cha pili cha 600 ni zaidi kidogo ya 24, kwa hiyo hasara kwa desibeli, katika urefu uleule, ni mara 24 hivi. Ukitaka kuifidia kwa unene peke yake, na kwa kuwa umeme huu hutembea kwenye ngozi ya waya, utahitaji waya wenye kipenyo mara 24. Waya wa nusu milimita ungekuwa nondo ya milimita 12. Hakuna kebo ya namna hiyo inayoweza kukunjwa kwenye kona ya sebule, wala kuingia kwenye tundu la nyuma ya runinga. Hiyo ndiyo sababu kebo ya HDMI ya shaba tupu inayobeba picha ya 4K huanza kutoaminika ikipita mita 5 hadi 7, hata ikiwa imefungwa kwenye nailoni ya kupendeza yenye vichwa vya rangi ya dhahabu.

Pingamizi la kwanza, nalo ni zito, linatoka kwenye ushahidi wangu mwenyewe. Thomson niliyemsifu hakutegemea chombo chake cha kuhisi peke yake. Alidai pia shaba safi zaidi na nene zaidi, na kebo ya Atlantiki iliyofaulu mwaka 1866 ilikuwa na shaba yenye uzito karibu mara tatu ya ile iliyokufa. Vilevile fundi yeyote wa dishi atakwambia kwamba RG-11, iliyo nene, hufika mbali kuliko RG-6. Yote ni kweli. Unene hufanya kazi pale ambapo masafa hayabadiliki na umbali unaongezeka kwa kiasi. Telegrafu ilikuwa na masafa ya chini mno, na mara tatu ya shaba iliitosha. Tatizo la leo ni kwamba masafa yameruka mara mia kadhaa katika kizazi kimoja. Tena kuna mahali pamoja ambapo unene bado una haki kamili, na mafundi wengi hupasahau: umeme wa kawaida unaopita kwenye kebo hiyohiyo. Kichwa cha dishi hulishwa volti 13 au 18 kutoka kwenye king'amuzi, na tofauti ya volti hizo ndiyo inayochagua kundi la chaneli. Umeme huo hutumia mwili wote wa waya. Kebo ndefu yenye kiini cha chuma kilichopakwa shaba hubeba picha vizuri, kwa sababu picha inapita kwenye ngozi, lakini huziangusha zile volti 18 njiani mpaka kichwa kinadhani kimeletewa 13, na nusu ya chaneli zinatoweka. Watu wamepanda paani kuelekeza dishi upya mara nyingi kwa kosa ambalo lilikuwa kwenye kiini cha kebo.

Pingamizi la pili ni la uchumi na umeme. Kubadili umbo la ujumbe kunahitaji vifaa viwili, kimoja kila upande; kila kifaa kinahitaji nishati, na kila kifaa kinaweza kuungua, ilhali waya mtupu hauombi chochote. Napokea sehemu kubwa ya hoja hii. Mahali ambapo king'amuzi na runinga viko ukuta mmoja, HDMI ya kawaida ya mita 2 ndiyo jibu, na kuongeza kitu chochote ni kutupa pesa. Na mara nyingi jibu bora kwa sebule ni kusogeza king'amuzi karibu na skrini, kama LNB ilivyosogezwa karibu na dishi. Lakini kuna kumbi ambazo haziwezi kufanya hivyo. Makanisa ya Machakos, ambayo huenda ndiyo wanunuzi wakubwa wa projekta katika kaunti, huwa na kompyuta nyuma ya waumini na skrini mbele yao. Mabaa yanayoonyesha mechi huwa na king'amuzi kimoja kwenye kaunta na skrini nne pembeni. Nyumba mpya za Katani, Lukenya na Syokimau hujengwa na chumba cha sinema upande mmoja na kabati la vifaa upande mwingine. Kwa hao, umeme si pingamizi la nguvu: projekta yenyewe haiwaki bila umeme, na kebo ya nuru inayobadili ishara kuwa mwanga ndani ya vichwa vyake hutumia volti 5 zinazotoka kwenye tundu la HDMI lenyewe.

Kebo hizo za nuru zinafunga mzunguko ambao Kenya imekuwa ndani yake tangu mwaka 2009, kebo za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa zikileta nyuzi za kioo kupitia baharini. Hapa ndipo ushahidi unapokuwa wa kutisha kwa upande wa shaba. RG-6 katika masafa ya gigahezi 1 hupoteza takriban desibeli 20 kila mita 100, yaani 200 kwa kilomita. Uzi wa kioo wa aina inayolazwa baharini hupoteza takriban 0.2 kwa kilomita. Wakati huo nyaya za shaba za Telkom Kenya zilikuwa zikiibwa kwenye nguzo na kuyeyushwa. Uzi wa kioo hauna soko kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Reli iliyoukwepa mji iliacha kituo Konza, na Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alizindua karibu na hapo, Malili, mji wa teknolojia wa ekari 5,000 ambao msingi wake ni data inayokuja kwa nyuzi hizo. Kilichokuwa cha bahari na cha taifa sasa kinauzwa kikiwa kimekunjwa kwenye mfuko wa plastiki, mita 30 kwa uzito wa nyanya chache.

Basi kwa mwenye ukumbi, hukumu yangu ni hii. Chini ya mita 5, nunua HDMI ya kawaida yenye cheti cha mwendo wa kazi unayoitaka, usilipie unene. Kati ya mita 5 na 10, ijaribu kwa picha kubwa kabisa utakayotumia kabla haijafichwa ukutani. Ikizidi hapo, achana na shaba tupu. Chagua kebo ya nuru, ukikumbuka kwamba ina upande wa chanzo na upande wa skrini na haifanyi kazi ikigeuzwa, au vifaa vya HDBaseT, mfumo uliotolewa mwaka 2010, vinavyopitisha picha hadi mita 100 kwenye kebo ya mtandao ya Cat6 yenye shaba kamili. Epuka Cat6 ya alumini iliyopakwa shaba. Ikiwa kebo inatoka jengo moja kwenda jingine, chagua ya nuru isiyo na waya wowote wa chuma ndani, kwa sababu radi ya Novemba Ukambani hupenda shaba. Na ikiwa nyumba bado haijapigwa plasta, mwambie fundi alaze bomba la milimita 40 kutoka kwenye kabati la vifaa hadi mahali pa projekta, kona zikiwa pana, na ndani yake aache kamba ya kuvutia. Kiwango cha HDMI kimebadilika mara kadhaa tangu 2002 na kitabadilika tena. Bomba hilo litapokea kebo yoyote itakayokuja.